Tathmini ya Ijumaa

Kila nikimsikia mtu amesimama kwenye sherehe za shule akisema kwamba michezo hujenga tabia, mimi huinamisha kichwa nisionekane uso. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kwa sababu nimekuwa mwalimu miaka mingi, na mwalimu hana pa kukimbilia hotuba zikianza. Nilicheza mpira msimu mzima nikiwa kapteni wa timu ya chuo cha ualimu, tukatwaa kombe, na ninachoweza kusema kuhusu tabia yangu ni kwamba ilitoka uwanjani mbovu kuliko ilivyoingia. Ya wale waliotuongoza ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Mke wangu alinishauri ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Nimengoja. Nimesomesha watoto wangu, nimeota mvi, nimehamishwa shule mara tano kutoka Meru hadi Embu na kurudi, na hasira ipo pale pale, inakula na kulala nyumbani kwangu. Basi naandika nayo.

Chuo chetu kilikuwa Meru, upande wa juu wa mji, ambako ukungu wa asubuhi ulishuka hata ukisimama kwenye goli moja hulioni la pili. Uwanja wenyewe ulikuwa na mteremko. Timu iliyoanza ikishambulia kuelekea chini ilifunga kipindi cha kwanza na kufungwa cha pili, na wageni waliondoka wakilalamika kwamba tumewaroga. Sisi tulijua mpira ungekimbilia wapi na ungekwama kwenye tope gani. Nusu ya ushindi wetu wa nyumbani ilitokana na hilo tu.

Mkuu wa chuo tulimwita Prinsipo, na yeye mwenyewe alipenda hivyo. Alikuwa mnene, mzee wa kanisa, na ofisini mwake alikuwa ametengenezesha kabati la vioo la kuwekea vikombe. Kabati lilikuwa tupu. Kulikuwa na chuo kimoja Embu kilichokuwa kimetufunga fainali miaka mitatu mfululizo, na kila mara Prinsipo alirudi kutoka huko amenuna wiki nzima. Mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa kosa lolote alisimamishwa mbele ya kabati hilo, na kabla hajaulizwa kosa lake aliulizwa, "Unaona nini hapo ndani?" Jibu lililotakiwa lilikuwa, "Hakuna kitu, bwana." Ukisema kitu kingine ulikuwa umejiongezea adhabu.

Chini yake alikuwapo mwalimu wa michezo, mwembamba, filimbi shingoni hata siku za kanisani. Huyu hakuwa mkatili. Alikuwa mwoga, na nimegundua uzeeni kwamba mwoga mwenye filimbi ni hatari kuliko mkatili. Chochote Prinsipo alichokitaka, yeye alikipuliza mara mbili.

Mwaka wetu wa pili, Prinsipo aliamua kwamba kombe litakuja. Akatutengea meza yetu ya timu kwenye bwalo. Wenzetu walipokula maharagwe na kabeji, sisi tuliwekewa nyama, na asubuhi yai. Tulisamehewa kazi ya mikono. Wanafunzi wengine walipokuwa wakifyeka na kulima shamba la chuo, sisi tulipita mbele yao na mpira, na baadhi yetu tulikuwa na ujinga wa kuwapungia mkono. Nami nilipunga. Nilikuwa kijana wa familia ya kulima, sijawahi kupewa chochote cha peke yangu, na meza ile ilinipanda kichwani.

Mtu mmoja tu wa timu hakuketi kwenye meza ile. Alikuwa golikipa wetu, kijana mrefu wa Kibirichia, mikono mikubwa iliyokomaa kwa kuchimba viazi tangu utotoni. Alichukua nyama yake, akaenda nayo kwa wenzake wa bweni, wakagawana. Mwalimu wa michezo alimwuliza kwa nini anaharibu nidhamu ya timu. Akajibu, "Mwalimu, mimi nikikula peke yangu sishibi." Akaachwa, kwa kuwa hakukuwa na golikipa mwingine wa maana.

Nisipoeleza jambo moja kumhusu, nitakuwa nimemdhulumu tena. Mpira kwake ulikuwa mchezo. Alichokuja kutafuta chuoni ni ualimu, na alikuwa mwalimu kutuzidi sote. Mimi nilienda ualimu kwa sababu alama zangu hazikunipeleka kwingine, na wengi wetu tulikuwa hivyo. Yeye aliuomba. Niliwahi kumtazama akifundisha darasa la tatu kugawanya. Aliingia na mfuko wa viazi vidogo vile ambavyo wanunuzi hukataa, akavimwaga juu ya meza, akawaita watoto wavigawe wao wenyewe. Waligombana, wakahesabu upya, wakagundua kwamba kuna kinachobaki. Hakuwa amesema neno "kugawanya" hata mara moja, na darasa zima lilikuwa limeshajua. Nilitoka pale na wivu, sitaficha.

Msimu ulianza vibaya. Tulitoka sare ugenini upande wa Chuka, tukashinda mbili nyumbani kwa msaada wa mteremko wetu, kisha golikipa akaugua homa na ikabidi tucheze na yule wa akiba. Tulifungwa manne. Yule wa akiba alikuwa mfupi, tena aliuogopa mpira, na baada ya mechi ile alilia kwenye lori mpaka tukaacha kumkaripia. Tangu siku hiyo kila mtu chuoni alijua kwamba kombe la Prinsipo linategemea mikono miwili ya Kibirichia. Golikipa alipona, tukashinda mechi tatu bila kufungwa hata bao moja, nusu fainali tukaipita kwa penalti, naye akapangua mbili. Fainali ikapangwa Embu, siku ya Ijumaa, dhidi ya chuo kile kile.

Ila Ijumaa hiyo iliangukia katikati ya mazoezi ya kufundisha.

Waliopita vyuo vya ualimu wanajua uzito wa majuma yale. Unatupwa kwenye shule ya msingi, unapewa darasa, na wakaguzi wanakujia bila taarifa. Wa chuoni kwako watakuja mara mbili, na mara ya mwisho watakuja wa nje, kutoka vyuo vingine, usiowajua wala wasiokujua. Hao ndio wenye kalamu. Kwenye meza ya darasa lazima faili lako liwepo: maazimio ya kazi, maandalio ya kila somo, na chini ya kila andalio pana nafasi ya mistari mitatu iliyoandikwa "Tathmini". Hapo mwalimu anajaza, baada ya kipindi, kama somo lilifaulu au halikufaulu na kwa nini.

Baada ya kipindi. Ndivyo sheria ilivyosema. Sisi wote tulijaza Jumapili. Tuliketi kitandani na chai, tukaandika tathmini za juma zima ambalo halijafika: "Somo lilifaulu. Wanafunzi walishiriki." Na ili tuonekane wakweli, kila baada ya tatu tuliweka moja ya huzuni: "Wanafunzi wanne hawakuelewa, nitawarudia." Wanne hao hatukuwajua majina, hawakuwa wamezaliwa ila kwenye karatasi. Ilikuwa mila ya chuo, tuliirithi kwa waliotutangulia, na wakufunzi waliijua kwa sababu wao pia walikuwa wanafunzi zamani. Kuacha Tathmini wazi ndiko kulikokuwa hatari, maana nafasi tupu ilimaanisha somo halikufundishwa.

Golikipa peke yake alijaza baada ya kipindi. Aliketi juu ya dawati la mbele watoto wakishatoka, akaandika mambo kama, "Nimeharakisha sana. Kesho nianze upya." Tulimcheka. Tulimwambia atajifelisha kwa mkono wake mwenyewe.

Adhabu zilikuwa mbili, na kila mmoja wetu alizijua kwa moyo. Ukikutwa hupo darasani bila ruhusa, unarudia mazoezi mwaka unaofuata. Ni aibu na ni mwaka uliopotea, lakini mwisho wake unakuwa mwalimu. Ukikutwa umeghushi kumbukumbu za darasa, unafukuzwa, na jina lako linatumwa kwa vyuo vyote usipokelewe tena.

Alhamisi alasiri lori la chuo lilizunguka kutuokota. Mimi nilikuwa nimepangiwa shule karibu na mji, nilikuwa nimeshakaguliwa mara zote tatu, na barua yangu ya ruhusa ilikuwa mfukoni. Wengi wetu tulikuwa hivyo. Golikipa alikuwa shule moja karibu na Kiirua, na wakaguzi wa nje hawakuwa wamemfikia. Lori likasimama nje ya lango. Mwalimu wa michezo hakushuka.

"Kapteni, ingia wewe," akaniambia. "Mimi akiniona ataanza mambo ya barua. Na ukitoka bila yeye, usipande hii lori."

Nilimkuta peke yake darasani, watoto wa madarasa ya chini wameshaenda nyumbani, akibandika chati ukutani.

"Umekuja kunichukua," akasema bila kugeuka.

"Fainali ni kesho, unajua."

"Najua. Lakini sijakaguliwa ya mwisho, bana. Wale wa nje wanaweza kuja saa yoyote."

"Wako Timau wiki hii yote."

"Nani amesema?"

"Ofisi imesema."

Hakuna ofisi iliyosema. Mwalimu wa michezo alikuwa amenung'unika ndani ya lori kwamba anafikiri huenda wako huko Timau, na mimi nikaibeba "huenda" ile, nikaivalisha koti na tai.

"Na ruhusa je? Hedi wa hapa shuleni ameenda mazishi Nkubu. Naibu anasema bila barua hawezi kusaini."

"Barua italetwa Jumatatu. Prinsipo ameshasema. Unataka kubishana na Prinsipo? Ama unataka tufungwe manne tena, tulie kwa lori?"

Alisimama akiwa na gundi mkononi. Nikaona anasita, nikaongeza maneno. Nilimwambia kwamba vijana kumi na mmoja wanamngoja nje. Nilimwambia asiwe mchoyo. Yeye, mtu aliyekuwa akigawa nyama yake! Neno hilo ndilo lililomwingia. Aliiweka gundi chini, akaenda kwa naibu wa mwalimu mkuu, mama mmoja mtu mzima, akamwomba amshikie darasa. Nilimsikia mama yule akijibu kupitia dirisha: "Nenda mwanangu, nitawashika. Lakini mimi sijaweka saini mahali."

Faili lilikuwa wazi juu ya meza. Andalio la Ijumaa alikuwa amelimaliza, kwa mwandiko wake ule wa wima, kila herufi imesimama peke yake ili mtoto wa darasa la tatu aisome. Chini, Tathmini ilikuwa tupu. Nje lori lilipiga honi. Mkono wangu ulifanya kile ambacho ulikuwa umezoea kufanya kila Jumapili. Nilichukua kalamu nikaandika, kwa mwandiko wangu unaolala upande: "Somo lilifaulu vizuri. Wanafunzi wote walishiriki. Lengo limefikiwa."

Aliporudi kuchukua mfuko wake akayaona maneno yale.

"Umeandika nini hapo? Si ningeandika nikirudi?"

"Nimekusaidia. Ukiacha wazi Jumatatu watasema hukufundisha."

"Lakini sitakuwa nimefundisha."

"Mama atafundisha. Ni sawa tu. Twende."

Honi ikapigwa tena. Alitaka kuing'oa karatasi ile, nikamshika mkono, nikamwambia karatasi za faili zina namba na atajiletea maswali. Hilo lilikuwa kweli, ndilo jambo pekee la kweli nililomwambia siku hiyo. Tukatoka.

Ijumaa tulishinda Embu bao moja kwa bila. Uwanja wao ulikuwa tambarare, hauna hila yoyote, na nusu saa ya kwanza walitukimbiza mpaka nikaanza kuona giza. Golikipa alitoka golini mara nne kunyakua mipira ya juu kana kwamba anachuma matunda. Namba tisa wetu alifunga kwa kichwa kutokana na kona. Zikiwa zimebaki dakika chache, refa akawapa penalti ambayo mpaka leo nasema haikuwa penalti. Golikipa aliruka upande mmoja, mpira ukaenda katikati, akauzuia kwa mguu uliobaki nyuma. Kisha akalala kifudifudi juu yake, na hakuinuka hadi nilipomwinua. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na alikuwa anacheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akicheka hivyo.

Prinsipo aliingia uwanjani kwa viatu vyake vya kanisa, akamshika golikipa kiunoni akamwinua juu kwa juu, mtu mzima na unene wake. Akapaza sauti kila mtu asikie: "Huyu ni mtoto wangu! Huyu ni mtoto wangu!" Narudia kuandika maneno hayo kwa sababu alikuja kuulizwa kama aliyasema, akasema hakumbuki.

Wakati tulipokuwa tukifunga kamba za viatu asubuhi ile, mkaguzi wa nje alikuwa ameshaingia ile shule ya karibu na Kiirua. Hawakuwa Timau. Naibu alikuja kunisimulia baadaye. Alikuwa mkaguzi mwanamke, mpole, aliyeomba radhi kwa kuja mapema. Akakuta naibu ndiye ameshika darasa, watoto wakiandika tarehe. Akauliza mwalimu mwanafunzi yuko wapi. Naibu akasema ameitwa na chuo chake. Mkaguzi akasema hilo litaeleweka kama barua ipo, akavuta faili, akalifungua siku ya Ijumaa. Kipindi kilikuwa hakijaanza, na chini ya andalio lake palikuwa pameandikwa kwamba kilifaulu vizuri na lengo limefikiwa. Naibu aliniambia mkaguzi yule alisoma mistari ile mara tatu, akavua miwani, akaanza kuandika.

Jumatano iliyofuata tuliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kabati la vioo ofisini kwa Prinsipo sasa lilikuwa na kombe ndani, limesuguliwa likang'aa, na utepe mwekundu. Golikipa alisimamishwa mbele yake. Siku hiyo Prinsipo hakumwuliza mtu anaona nini. Upande wake wa kulia aliketi naibu wake, na upande wa kushoto, kama mjumbe wa kamati, mwalimu wa michezo. Ndiyo. Mtu aliyeleta lori ndiye aliyeketishwa kuhukumu aliyepanda.

Mwalimu wa michezo alisema aliwachukua wachezaji waliokuwa na ruhusa peke yao. Alisema hakushuka kwenye lori, kwa hiyo hakumwona huyu akitoka shuleni. Alichagua ukweli mmoja mdogo akauweka mbele ili uongo upite nyuma yake. Prinsipo akanigeukia.

"Kapteni. Huyu alikuwa na ruhusa ama hakuwa?"

"Hakuwa nayo mkononi, bwana."

"Nani alimwambia atoke?"

Nilimtazama mwalimu wa michezo. Alikuwa anachezea filimbi yake. Nilifikiria barua za matokeo ambazo zingetoka juma lile. Nilifikiria baba yangu.

"Tulikuwa tunajua wote kwamba ni fainali, bwana," nikasema.

Jibu gani hilo? Niambieni, hilo ni jibu gani? Nimewahi kumchapa mtoto kwa jibu lenye aibu ndogo kuliko hilo.

Kisha Prinsipo akalifungua faili, akaweka kidole kwenye Tathmini. Hapo juu mwandiko wima, hapo chini mwandiko unaolala. Mtu asiyejua kusoma angeona kwamba ni mikono miwili. Prinsipo aliona. Alikuwa amesahihisha maandishi yangu mwaka mzima, na nilimwona akiyatambua, macho yake yakaja kwangu yakakaa kidogo, kisha yakarudi kwenye karatasi. Wawili wangeleta maswali. Wawili, mmoja wao kapteni, wangemfanya mtu wa wizara aulize ni nani aliyetuma lori. Mmoja alitosha.

"Haya ni maandishi ya nani?" akauliza, na alimwuliza golikipa.

Nilijua tofauti. Kila mtu chumbani aliijua. Ningesema "ni yangu", yeye angebaki na kosa la kutokuwapo, angerudia mwaka, na leo angekuwa mwalimu mkuu mahali fulani, na shule hiyo ingekuwa na bahati. Mdomo wangu ulikuwa mzima. Hakuna aliyenishika koo.

"Ni yangu," akasema golikipa.

Akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Nilimfuata bwenini nikamkuta anakunja blanketi. Nikaanza kulia, nikamwambia nitarudi kwao niseme. Hakukasirika. Akasema, "Usirudi. Wanajua. Ungesema wangetoa wawili, na wewe una wadogo zako nyuma." Laiti angenipiga. Nimembebea kinyongo kwa wema ule, na huo ndio uchafu ninaousema: mtu ananiokoa, nami namchukia kwa kuniokoa. Nilimsindikiza hadi langoni. Mwalimu wa michezo alikuja mbio nyuma yetu. Nilidhani anakuja kuomba msamaha. Alikuja kuchukua jezi namba moja kwa sababu ilikuwa mali ya chuo.

Nilisikia baadaye kwamba hakurudi kwao Kibirichia. Alipata kibarua kwenye mashamba makubwa ya upande wa Timau, akawa anaandika nyumbani kwamba yuko sawa na masomo yanaendelea. Mtu ambaye hakuwahi kuandika tathmini ya uongo sasa alikuwa akimwandikia mama yake barua za uongo, na aliyemfundisha ni mimi.

Siku ya kuhitimu ilikuwa ya jua kali. Wazazi walikuja kutoka kila upande, wakaketi kwenye nyasi za uwanja wetu wa mteremko. Nikiwa kwenye foleni, mama mmoja alinijia akiwa na wenzake wawili wa kanisani, wote wamefunga vitambaa vyeupe. Alinijua. Mwanawe alikuwa amempelekea picha ya timu.

"Wewe ndiye kapteni," akasema. "Nimetafuta mwana wakwa, mtoto wangu, kila mahali. Yuko mstari gani?"

Mkononi alikuwa na koti jipya, la bluu, lililoshonwa na fundi wa Kibirichia, bado lina alama za chaki kwenye mikono. Akanipa kabla sijajibu. "Mwambie avae mbele ya kuitwa. Aliniandikia kwamba hana."

Nililipokea. Filimbi ikalia, foleni ikaanza kusogea, na nikapanda jukwaani kuchukua cheti changu na koti la golikipa likiwa kwenye mkono wangu wa kushoto. Prinsipo alinishika mkono wa kulia akatabasamu kwa mpiga picha. Majina yakasomwa hadi la mwisho. Kutoka pale mbele nilimwona mama yule akiinua kichwa kwa kila jina, na majina yalipokwisha alibaki amekiinua.

Nilimwendea. Nilikuwa nimeapa kwamba nitamwambia yote. Nikamwambia kwamba mwanawe alifukuzwa, miezi kadhaa iliyopita.

"Alikosa nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini. Wale wenzake wawili walikuwa wamemshika, huku na huku. "Alipiga mtu? Aliiba?"

"Hapana, mama. Aliandika kitu cha uongo kwenye faili."

Ndivyo nilivyosema. Cheti kilikuwa mfukoni, hakuna kamati, hakuna Prinsipo karibu, hakuna mtu wa kunifukuza popote, na bado nilisema aliandika.

Mama alitingisha kichwa polepole. "Huyo?" akasema. "Huyo wangu?" Kisha akanyoosha mikono achukue koti lake. Nilikuwa nimelishika kwa nguvu, ikabidi alivute.